Umbali Wenye Heshima: Kanuni za Walezi wa Vijana Kitui na Makueni

Shule zinapofungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, mvua za vuli huwa zimeshaanza Ukambani. Mkulima wa Kitui na Makueni huzitegemea mvua hizi kuliko za masika. Kwa hiyo mzazi hushinda shambani akipanda ndengu, kunde na mbaazi, na kijana wake mara nyingi huwa mikononi mwa mtu mwingine. Huenda akawa mwalimu wa kambi ya kanisa, kocha wa timu ya wadi, kiongozi wa skauti, fundi anayemfunza kuchomelea vyuma, au mfanyakazi wa shirika anayemshauri kuhusu masomo na kazi. Watu hawa huitwa washauri, waelekezi au wanasihi, kila mmoja kwa kadiri ya anayemwita. Katika uchambuzi huu nitawaita walezi, kwa kuwa neno hilo lina uzito unaowastahili: mtu mzima aliyekabidhiwa kijana asiye wake ili amsaidie kukua.

Kinachowatatiza wazazi, makanisa na mashirika ni mipaka ya kazi hiyo. Je, mlezi anaweza kumpakia msichana wa miaka 16 kwenye pikipiki yake jioni ampeleke kwao? Anaweza kumtumia kwa M-Pesa shilingi mia mbili za kununua sodo? Kijana akimfunulia jambo zito na kumsihi asimwambie mtu, anyamaze? Majibu yanapingana, na kila jibu lina sababu zake. Wapo wanaosema jamii inatosha kuwalinda watoto wake, wapo wanaotegemea sheria za nchi, na wapo wanaotaka kanuni ndefu zisizoacha mwanya. Nitaupima kila msimamo kwa uzito wake, kisha nitajenga hoja moja: kanuni za mwenendo zisijishughulishe na kutabiri nani ni mwema na nani ni mbaya, kwani hakuna karatasi inayoweza kazi hiyo. Zishughulike na mambo mawili yanayoyapa madhara nafasi, nayo ni siri na deni.

## Mkanganyiko ulikotoka

Mzizi wa kwanza ni neno lenyewe, kijana. Kifungu cha 260 cha Katiba ya 2010 kinamtaja kijana kuwa mtu aliyefikisha miaka 18 na hajafikisha 35. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kifungu cha 53 kinataka maslahi yake yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Lakini katika mazungumzo ya kila siku ujana huanza mapema zaidi, na programu nyingi hufuata mazungumzo hayo. Tuzo ya Rais, iliyoanzishwa nchini mwaka 1966, hupokea washiriki wa miaka 14 hadi 24. Vikundi vya vijana vya makanisa navyo huwaketisha pamoja wanafunzi wa sekondari na wa vyuo. Kwa hiyo katika kambi moja anaweza kuwapo mtoto wa miaka 15 na mtu mzima wa miaka 23, wote wakiitwa vijana, na huenda huyo wa miaka 23 ndiye aliyepewa kumwelekeza yule wa 15. Kanuni inayosema "vijana" bila kutaja umri haijamlinda yeyote kati yao.

Mzizi wa pili ni kwamba mtu mmoja huvaa kofia nyingi, na kila kofia ina sheria zake au haina kabisa. Mwalimu wa shule ya umma anabanwa na waraka wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC) wa mwaka 2010, unaomtaka aripoti ndani ya saa 24 akijua au akishuku kwamba mwanafunzi amedhulumiwa kingono, na unaomwandama kinidhamu akificha. Anabanwa pia na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo kifungu chake cha 36 kinakataza viboko na mateso ya akili. Jumamosi mwalimu huyo akiongoza kambi ya kanisa, mwenzake anayesimama naye mbele ya watoto walewale huenda akawa mkulima, mfanyabiashara au mwanafunzi wa chuo ambaye hajawahi kupewa hata mstari mmoja wa kanuni. Masuala ya watoto yako chini ya idara moja ya serikali, ya vijana chini ya nyingine, michezo kwingine, na makanisa hujisimamia. Mtoto ni yuleyule, lakini ulinzi wake hubadilika kila anapovuka lango.

Mzizi wa tatu ndio mzito zaidi, nao ni uhitaji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, na Kitui peke yake ina eneo la zaidi ya kilomita mraba 30,000. Ni nchi kame, yenye vijiji vilivyotawanyika na mito ya mchanga inayokauka. Kwa vizazi kadhaa wanaume wa Ukambani wamekuwa wakienda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, na leo wanawake pia huenda. Watoto wengi hubaki na susu, yaani nyanya yao, ambaye anawapenda lakini hawezi kumweleza mjukuu jinsi ya kuomba nafasi chuoni. Katika miji ya barabara kuu ya Mombasa, kama Emali, Kibwezi na Mtito Andei, malori hulala usiku na pesa za haraka hupita karibu na watoto wasio na za karo. Mlezi mwema huziba pengo la kweli. Ndiyo maana swali la kanuni ni gumu: ukilegeza unamweka mtoto hatarini, na ukikaza kupita kiasi unamwondolea mtu pekee aliyekuwa akimsikiliza.

## Msimamo wa kwanza: jamii inamjua mtu wake

Wanaoshika msimamo huu husema mtoto ni wa jamii nzima. Mlezi anajulikana alikozaliwa, ukoo wake unajulikana, na akipotoka wazee watamkalisha chini. Kuandika kanuni, wanasema, ni kuleta shaka mahali palipokuwa na imani. Msimamo huu haustahili kudharauliwa, kwa sababu una nguvu tatu za kweli. Ya kwanza ni ujuzi wa karibu. Cheti cha tabia njema cha polisi humwonyesha aliyewahi kunaswa, ilhali jirani anajua mambo ambayo hayajafika kituoni. Ya pili ni kudumu: mradi wa shirika huisha fedha zikiisha, bali jirani yupo mwaka hadi mwaka. Ya tatu ni kwamba Ukambani una desturi ya kazi inayofanywa machoni pa wote. Vikundi vya mwethya vilivyochimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga katika kaunti hizi vilisimama juu ya msingi huo: kila mtu humwona mwenzake, na kila mtu huwajibika mbele ya mwenzake.

Udhaifu wake unaanzia palepale kwenye nguvu zake. Tafiti za ukatili dhidi ya watoto, za Kenya na za kwingineko, zimeonyesha kwamba anayemdhuru mtoto kwa kawaida ni mtu anayemjua. Kujulikana, basi, si kinga. Sifa njema ndiyo inayomfungulia mtu milango ya nyumba za wengine, na kadiri hadhi yake inavyopanda ndivyo inavyokuwa vigumu kwa mtoto kuaminiwa akilalamika. Tena, jamii inapogundua kosa, mara nyingi hulitibu kama ugomvi wa familia mbili: wazee huketi, mbuzi au pesa hutolewa, uhusiano wa koo hupona. Aliyedhulumiwa hapati kitu katika mapatano hayo. Zaidi ya hilo, muda unapotea. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi baada ya kubakwa hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Vikao viwili vya wazee vinatosha kuzimaliza saa hizo. Kisheria mapatano hayo hayafuti kosa, kwa maana chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 uamuzi wa kusitisha kesi haumo mikononi mwa familia wala ukoo.

## Msimamo wa pili: sheria za nchi zinatosha

Wa pili husema hatuhitaji kanuni nyingine kwa sababu Kenya ina sheria kali. Ni kweli inazo. Chini ya sheria hiyo ya 2006, kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake ni kifungo cha maisha. Kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15 ni kifungo kisichopungua miaka 20, na kwa wa 16 au 17 kisichopungua miaka 15. Kifungu cha 24 kinamhusu mlezi moja kwa moja: mtu aliye katika nafasi ya kuaminiwa akiitumia nafasi hiyo kumshawishi kingono aliye chini ya uangalizi wake, anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10. Kifungu hicho kinamtaja "mtu" aliye chini ya uangalizi, wala hakiishii kwa mtoto. Uingereza ilingoja hadi 2022 ndipo sheria yake ya nafasi za kuaminiwa ilipopanuliwa kuwafikia makocha na viongozi wa dini, na huko inawalinda wa miaka 16 na 17. Kwa maandishi, sisi tulitangulia. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo imeipa nchi mfumo mpya wa ulinzi wa mtoto.

Mahakama pia zimeonyesha kwamba lawama haikomi kwa mkosaji peke yake. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba TSC na serikali ziliwajibika kwa wanafunzi wawili wa kike walionajisiwa na mwalimu katika Kaunti ya Nakuru, na wasichana hao wakapewa fidia ya jumla ya shilingi milioni 5. Funzo lake kwa kila kanisa, klabu na shirika ni kwamba anayemweka mtu mzima mbele ya watoto asidhani ataosha mikono mambo yakiharibika.

Hata hivyo, sheria ya jinai ina mapungufu mawili ambayo ukali hauwezi kuyaponya. Kwanza, huja baada ya mtoto kuumia, na hata hapo huenda isije. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Meru, katika kesi iliyojulikana kama ya wasichana 160, iliamua kwamba polisi walikiuka haki za watoto kwa kutochunguza ipasavyo malalamiko ya unajisi. Ikiwa hilo liliwezekana kwa watoto waliopata mawakili wa kuwatetea, mtoto wa kijiji kilicho mbali na kituo cha polisi hawezi kuambiwa alale usingizi kwa sababu kuna sheria. Pili, sheria ya jinai haina la kusema kuhusu hatua ndogondogo zinazotangulia kosa. Si jinai kumtumia msichana salamu saa tano usiku, kumnunulia mvulana mmoja viatu na kuwaacha wenzake, wala kumwita kijana nyumbani kwako peke yake mara tatu kwa wiki. Jirani anayeyaona haya huogopa kusema, kwa sababu silaha pekee aliyopewa ni tuhuma ya kumfunga mtu miaka 20. Panahitajika lugha ya kusema "hapa umevuka mpaka" kabla ya kusema "umetenda kosa". Lugha hiyo ndiyo kanuni za mwenendo.

## Msimamo wa tatu: kanuni ndefu zisizoacha mwanya

Msimamo wa tatu umeletwa zaidi na mashirika makubwa na wafadhili. Hudai kila mlezi atie sahihi waraka wa kurasa nyingi: asikae na mtoto peke yake kamwe, asimguse, asimpe zawadi, asiwe na nambari yake ya simu, asimpakie kwenye chombo chake. Hofu iliyozaa nyaraka hizi ina historia. Chama cha skauti cha wavulana cha Marekani, Boy Scouts of America, kiliomba kinga ya mufilisi Februari 2020, na watu zaidi ya 82,000 wakajitokeza kudai walidhulumiwa walipokuwa watoto. Hicho kilikuwa chama chenye heshima, viapo na sare, na imani ya wazazi haikupungukiwa na chochote. Baada ya hapo hakuna anayeweza kusema kwa dhati kwamba nia njema ya taasisi inatosha. Na faida ya kanuni hizi haimwendei mtoto peke yake: mlezi asiyekaa faraghani na mtoto hawezi kusingiziwa kirahisi.

Lakini kuna gharama, na anayezitetea kanuni hizi lazima aikiri. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 1995 uliwafuatilia vijana 959 wa miaka 10 hadi 16 walioomba kujiunga na programu ya Big Brothers Big Sisters. Waliopewa walezi walikuwa na uwezekano mdogo, kwa asilimia 46, wa kuanza kutumia dawa za kulevya kuliko wenzao waliokuwa bado wakingoja. Uchambuzi wa data hiyo uliochapishwa 2002 ulifichua upande wa pili: walionufaika zaidi ni waliodumu na mlezi mmoja kwa mwaka au zaidi, na waliokatishiwa uhusiano ndani ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini. Ukaribu unaodumu ndio dawa yenyewe, na kuukata mapema kunaumiza. Kanuni inayowafukuza walezi wa kujitolea, au inayowageuza kuwa watu wanaosalimia kwa mbali na kuondoka, inamdhuru mtoto kwa njia isiyoonekana kwenye ripoti.

Kwa Kitui na Makueni gharama hiyo inaongezeka. Sharti la watu wazima wawili kila wakati haliwezekani katika kijiji kilichopata mlezi mmoja baada ya kutafuta mwaka mzima. Waraka wa Kiingereza cha kisheria hautasomwa na fundi anayefundisha wanagenzi sokoni, na ukisomwa hautaeleweka kwa mtoto. Matokeo yake ni sahihi inayotiwa siku ya kwanza na karatasi inayolala kabatini. Waraka wa aina hiyo humlinda aliyeutunga siku ya kesi, wala haumfikii mtoto jioni ya kambi.

## Mizani: siri na deni

Tukiweka misimamo mitatu kwenye mizani, kila mmoja umeshika sehemu ya ukweli. Jamii ina macho, ila haina mdomo. Sheria ina mdomo, ila huja imechelewa. Kanuni ndefu huwahi, ila hazieleweki wala hazitekelezeki. Kinachohitajika ni kanuni fupi inayoyapa macho ya jamii mdomo kabla sheria haijalazimika kuingia. Ili iwe fupi na bado iwe na makali, lazima ijue inapambana na nini.

Madhara mengi ya aina hii hayaanzi kwa nguvu. Huanza kwa kumtenga kijana mmoja na kumpendelea, kisha kumpa kitu, kisha kumwandikia faraghani, kisha kumwambia "hili libaki kati yetu". Kila hatua ikitazamwa peke yake inaweza kuwa wema mtupu, na kwa walezi wengi ni wema mtupu. Ndiyo sababu kanuni inayohukumu matendo moja moja huishia kumwadhibu mwema na kumwacha mjanja. Lakini njia hiyo yote hutembea kwa miguu miwili. Mmoja ni siri: hakuna mwingine anayejua. Wa pili ni deni: kijana amepokea kiasi kwamba hawezi tena kukataa. Kwa hiyo kila tendo la mlezi liulizwe maswali mawili: nani mwingine anajua, na kijana anaweza kukataa bila kupoteza chochote? Wema wa kweli haupungukiwi na kitu ukijulikana, wala ukikataliwa. Tendo lenye nia mbaya haliwezi kuyastahimili maswali hayo yote mawili.

Juu ya msingi huo mistari michache tu ndiyo inayopaswa kuwa marufuku kabisa. Hakuna mapenzi kati ya mlezi na aliye chini ya uangalizi wake, hata kama kijana ametimiza miaka 18 na hata kama mlezi ana miaka 20. Hakuna kiboko wala matusi. Hakuna mtu mzima kulala chumba kimoja au hema moja na mtoto asiye wake. Hakuna kuficha habari ya mtoto kudhuriwa. Mengine yote yasimamiwe na uwazi, na hapo ndipo mazingira ya Ukambani yanapotoa jibu ambalo waraka wa ng'ambo haukulifikiria. Lengo la sharti la watu wawili ni kwamba mlezi aonekane. Mwembe ulio uwanjani kwa kanisa, au baraza ya duka, unafanya kazi hiyohiyo: mlezi na kijana wanaonekana na kila mpitaji, na maneno yao hayasikiki. Faragha ya mazungumzo imelindwa, na usiri wa mahali umeondolewa.

## Kanuni zikifika mashinani

Chukua pesa kwanza, kwa sababu ukame unazifanya zisiepukike. Kumkataza mlezi asimsaidie mtoto mwenye njaa ni ukatili, na hakuna atakayetii. Lakini msaada unaotoka mfukoni mwa mtu mmoja kwenda kwa mtoto mmoja huzaa deni lisiloandikwa popote. Njia ya kati ni kuufanya msaada uwe wa kikundi: nauli, chakula na karo zipitie kwa mzazi au mweka hazina, na jina la aliyechanga lisitajwe kwa mtoto. Sodo ziwekwe mahali ambapo msichana anachukua mwenyewe bila kuomba. Kulazimika kuomba ndiko kunakoanzisha utegemezi, na kabati lililo wazi hukumaliza kwa gharama ileile.

Usafiri unadai kuangalia chanzo kabla ya tiba. Mlezi humpakia mtoto kwenye pikipiki kwa sababu giza limeingia, na giza limeingia kwa sababu kikao kiliisha saa kumi na mbili. Vikao vikifungwa saa kumi, watoto hutembea kwa makundi kama wanavyotoka shule, na swali la pikipiki hubaki la dharura tu. Dharura ikitokea, mzazi apigiwe kabla ya safari, aambiwe ni nani anayembeba na watafika saa ngapi. Hapo mlezi amefanya wema uleule, lakini si kwa siri.

Simu nayo isipuuzwe kwa kudhani kijiji hakina intaneti. Mawasiliano yapitie kundi ambalo mzazi au kiongozi wa pili yumo, na yawe ya mchana. Katika nyumba nyingi simu ni ya mzazi au ya susu, jambo ambalo kwa mara hii ni faida: ujumbe unaotumwa kwenye simu ya nyumba ni ujumbe ulio wazi. Picha za watoto zina sheria yake, ile ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka idhini ya mzazi. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Klabu inayopamba ukurasa wake kwa nyuso za watoto ili ivutie wafadhili inapaswa kujua kwamba umaskini wa mtoto si mali yake ya kutangaza.

Suala gumu kuliko yote ni kuripoti. Kijana husema kwa sababu anaamini hatatajwa. Mlezi akiripoti huenda akampoteza kijana huyo na wengine waliokuwa wakijiandaa kusema. Hii ni hasara ya kweli. Inapunguzwa kwa ukweli wa mapema: siku ya kwanza mlezi atangaze kwamba atatunza yote isipokuwa habari ya mtu kuumizwa au kutaka kujiumiza, na kwamba hatapeleka habari hiyo popote kabla ya kumweleza kijana anampelekea nani. Kila mmoja ajue kwamba nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, kwamba kuna maafisa wa watoto katika kaunti ndogo, na kwamba matibabu yanatangulia kila kikao. Programu pia iwataje watu wawili wa kupokea malalamiko, mwanamke na mwanamume, wasiokuwa chini ya kiongozi wa programu. Mtoto hawezi kumshtaki mtu kwa mtu yuleyule.

## Mapingamizi matatu

Pingamizi la kwanza ni kwamba haya ni mambo ya kigeni yanayoleta shaka katika jamii inayoaminiana. Jibu limo katika desturi ya Wakamba yenyewe. Nthoni, ile heshima inayomfanya mkwe ajiweke mbali na mama mkwe wake, ni kanuni ya mwenendo yenye mipaka mikali kuliko nyingi zinazoletwa na mashirika. Haikuwekwa kwa sababu mkwe fulani ameshukiwa. Hufuatwa na wote, waovu na wema, na anayeifuata husifiwa kwa adabu. Umbali huo ni heshima kwa uhusiano wenye thamani. Uhusiano wa mlezi na mtoto wa watu una thamani hiyohiyo, na kuuwekea mipaka yake ni kuendeleza hekima iliyopo.

La pili ni kwamba walezi wa kujitolea watakimbia. Baadhi watakimbia wakipewa kurasa arobaini. Wakipewa ukurasa mmoja unaowalinda wao pia dhidi ya kusingiziwa, wenye nia njema wana sababu ya kubaki. Na anayekimbia kwa sababu ameambiwa aketi mahali pa wazi, kuondoka kwake si hasara.

La tatu lina uzito zaidi: kanuni bila msimamizi ni maneno. Ni kweli, na kwa hiyo pa kuanzia pawe pale penye mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Serikali za Kitui na Makueni zinaweza kuanza na vyuo vyao bila kungoja Nairobi. Makueni, iliyojijengea sifa ya kuwashirikisha wananchi kuanzia ngazi ya kijiji tangu wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, ina njia tayari za kuujadili ukurasa huo hadharani. Makanisa na machifu nao wana mabaraza na kumbi, na anayeomba ukumbi wa kukutana na watoto aombwe kwanza kanuni zake. Kwamba hali inaweza kubadilika si ndoto. Uchunguzi wa kitaifa wa 2010 ulipata kwamba karibu asilimia 32 ya wanawake wa miaka 18 hadi 24 walikuwa wamedhulumiwa kingono utotoni. Ule wa 2019 ulipata karibu asilimia 16. Hakuna hatua moja inayoweza kudai sifa za kushuka huko, na asilimia 16 bado ni watoto wengi mno. Lakini idadi inayoshuka ni idadi inayosikia mkono wa mtu.

## Kwa muhtasari

Mkanganyiko wa leo umezaliwa na neno lisilo na umri, kofia zisizolingana na uhitaji unaowafanya wazazi wapokee msaada bila kuuliza. Jamii peke yake huona na kunyamaza, sheria peke yake huchelewa, na kanuni ndefu hulala kabatini. Kanuni inayofaa Kitui na Makueni ni fupi, imetaja umri, ina marufuku chache zisizojadiliwa, na mengine yote inayapima kwa siri na deni. Iandikwe kwa Kikamba na Kiswahili, isomwe mbele ya wazazi na watoto pamoja, na itaje kwa majina watu wa kupokea malalamiko. Kipimo chake kisiwe idadi ya sahihi za walezi. Kiwe mtoto wa miaka 13 wa Mutomo au Kibwezi: akiweza kuisema kwa maneno yake mwenyewe, na kumtaja mtu atakayemwendea ikivunjwa, basi ipo. Asipoweza, bado haijaandikwa.